Masta ya kriminolojia kwa mtu wa kazi: chagua meza kwanza, chuo kifuate

Kila Tume ya Utumishi wa Umma inapotangaza nafasi, simu yangu haitulii. “Madam, nisome masta gani nipandishwe cheo?” Wanaouliza ni maafisa wenzangu wa probesheni, askari jela, polisi wa vituo vya mbali, na vijana wenye digrii ya sosholojia ambao kwa sasa wanauza vifuniko vya simu Mwembe Tayari. Nimechoka kurudia maelezo yale yale kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo nayaandika mara moja.

Mimi ni afisa wa probesheni Mombasa. Hakimu akitaka kujua huyu aliyesimama kizimbani ametoka nyumba gani, anaishi na nani na majirani wanamsemaje, faili huletwa kwangu, nami huenda kuuliza. Nawasimamia pia waliopewa kifungo cha nje. Masta ya kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu na jinsi unavyoshughulikiwa, niliisoma nikiwa kazini, jioni na Jumamosi, na ninayosema hapa yanamhusu mtu wa aina hiyo, anayetaka elimu ya kutumia Jumatatu asubuhi. Mwenye ndoto ya uhadhiri ana barabara yake.

Kwanza tuondoe picha ya televisheni: glavu, mwanga wa buluu, tone la damu kwenye kipande cha kioo. Hiyo ni kazi ya maabara, na mlango wake ni kemia au baiolojia tangu digrii ya kwanza. Kriminolojia haikupeleki huko. Wala haikufanyi wakili. Anayetaka kuendesha mashtaka chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma asome sheria. Na kwa mwenye sare, cheo kina taratibu zake ndani ya huduma. Cheti kinaweza kukuweka kwenye orodha ya wanaofikiriwa, lakini hakikupandishi chenyewe. Wengi ninaowaambia haya hununa kidogo, halafu wanashukuru kwamba hawajalipa karo bado.

Inachokupa ni namna ya kuuliza. Kwa nini wizi huu unatokea hapa na si mtaa wa pili? Kwa nini huyu, na si nduguye waliyelala chumba kimoja tangu utotoni? Na je, tulichomfanyia baada ya kumkamata kilibadilisha chochote? Kriminolojia tumizi inaegemea hasa swali hilo la tatu, na ndilo swali ambalo ofisi zetu huliuliza kwa nadra.

Meza

Meza ninayosema ni kazi unayotaka kuifanya. Kabla ya kufungua tovuti ya chuo chochote, tafuta matangazo matatu ya kazi unayoitamani, hata kama muda wake umepita. Chukua kalamu upige mstari chini ya vitenzi. Kama ni kazi ya uchanganuzi katika polisi utaona kukusanya, kuchanganua, kuchora ramani, kushauri. Kama ni ya magereza utaona kuainisha, kusimamia programu, kutathmini. Shirika la haki za binadamu litataka ufuatiliaji na tathmini, na uandishi wa ripoti ambayo mfadhili ataielewa. Benki na kampuni za bima zinatafuta mtu wa ulaghai anayejua kusoma miamala na pia kumhoji mtu bila kumtisha. IPOA, mamlaka inayosimamia mienendo ya polisi, ina malalamiko ya kuchambua. Hoteli za ufuoni na bandari zinaajiri watu wa usalama ambao siku hizi wanaombwa takwimu.

Hivyo vitenzi ndivyo utakavyovitafuta kwenye orodha ya masomo ya chuo. Usivipoteze.

Kwetu sisi wa probesheni meza yenyewe ilibadilika. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba. Faili za watu waliokaa gerezani miaka mingi zikarudi kortini kusikilizwa upya upande wa adhabu, na wengine waliokuwa na makosa mengine nao wakaomba, mpaka Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ilipofafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji pekee. Majaji walitaka ripoti. Mtu aliingia gereza la Shimo la Tewa kijana, sasa ana mvi na mjukuu asiyemjua. Je, akitoka leo ni hatari kwa nani? Kusema “amejutia na ni mcha Mungu” hakutoshi. Unahitaji njia ya kupima hatari inayoeleweka na mtu mwingine, anayeweza kukupinga. Maafisa kadhaa ninaowajua walikwenda kutafuta masta kwa sababu ya ripoti zile, nami ni mmoja wao.

Kuchagua chuo

Kenya ina vyuo kadhaa vyenye kriminolojia katika ngazi hii, Chuo Kikuu cha Nairobi kikiwa mojawapo, ambako imefungamanishwa na sosholojia. Kwanza hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo halali kinaweza kuwa na kozi ambayo bado haijaidhinishwa, na mwajiri akija kuhakiki wewe ndiwe utakayeulizwa. Ndugu zangu wa Tanzania, kwenu mlango huo ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Anayesoma nje aulizie utaratibu wa kutambuliwa kwa shahada yake kabla ya kulipa karo.

Sasa fungua orodha ya masomo. Nenda moja kwa moja kwenye mbinu za utafiti. Kama kuna somo moja tu la mbinu na hakuna takwimu mahali popote, hiyo ni kozi ya nadharia iliyovaa jina la kazi. Tafuta tathmini ya programu, tafuta elimu ya adhabu na magereza, tafuta somo la waathiriwa, tafuta kuzuia uhalifu. Uliza kama kuna mafunzo ya vitendo, na wanafunzi wa mwaka jana walipelekwa wapi. Ofisi ikijibu “wanajitafutia wenyewe,” basi ujue utajitafutia.

Kuna kipimo kingine ambacho watu hawakitumii ingawa ni cha bure. Vyuo vyetu vingi huweka tasnifu za wanafunzi mtandaoni. Ingia, tafuta za kriminolojia za miaka ya karibuni, uangalie mambo matatu: data ilitoka wapi, majina gani ya wasimamizi yanajirudia, na mwanafunzi alichukua muda gani tangu kusajiliwa. Ukikuta zote ni hojaji zilizogawiwa kwa wakazi 100 wakiulizwa “unafikiri chanzo cha uhalifu ni nini,” na jibu ni ukosefu wa ajira kila mara, endelea na safari.

Nje ya nchi, kuna njia mbili ninazowatajia watu wa kazi. Uingereza masta huchukua mwaka mmoja wa kusoma mfululizo, nasi hapa ni miwili kwenye karatasi na zaidi mara nyingi. Chuo Kikuu cha Leicester kimefundisha kriminolojia kwa masafa kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wengi wako kazini. Cambridge, ambako taasisi ya kriminolojia ilianzishwa 1959, ina masta ya muda maalumu kwa maafisa wa polisi na magereza wenye vyeo, ambao huenda kwa vipindi na kurudi kazini. Kwa ufadhili, Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hutaka saa 2,800 za kazi baada ya digrii, takriban miaka miwili, na hutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili ukimaliza. Skolashipu za Jumuiya ya Madola zina mkondo wa masomo ya masafa pia. Barua ya Chevening usiijaze machozi ya utoto. Wanataka kujua utafanya nini ukirudi, kwenye ofisi gani.

Kama masta bado ni mzigo, kuna mafunzo mafupi kwa maafisa wa haki jinai: UNAFEI kule Japani, na UNAFRI hapo Kampala, zote taasisi za mfumo wa Umoja wa Mataifa. Hazikupi shahada. Zinakupa wenzako wa nchi nyingine, na ukisikia afisa wa nchi ya mbali analalamikia msongamano wa rimandi kwa maneno yako mwenyewe, unapata wazo la utafiti pale pale mezani.

Nadharia, kwa ufupi

Utasoma nyingi. Zitakuchosha. Chagua mbili tatu uzijue kama njia ya nyumbani, zilizobaki uzijue za mtihani.

Mimi nilishikana na hii: mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson waliandika kwamba uhalifu huhitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja, yaani mwenye nia, kitu cha kuibiwa, na kukosekana kwa mlinzi. Ukisoma kitabuni inaonekana ya kitoto. Sasa nenda kivuko cha Likoni saa 12 jioni. Watu wamesongamana bandani wakingoja feri, simu ziko mikononi kwa sababu kila mtu anampigia wa nyumbani kusema amechelewa, geti likifunguliwa wote wanashuka mteremko kwa mbio, na askari wanatazama magari. Vitatu vimekutana. Huhitaji kuhubiria kijana yeyote ili kupunguza wizi pale. Unaweza kubadilisha jinsi geti linavyofunguliwa, mahali askari wanaposimama, taa zilipo. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wa mtaa wanaosema “hawa watoto wameharibika” na afisa anayesema “tuweke taa” wote wanaweza kuwa sawa, lakini ni mmoja tu ambaye kamati ya usalama inaweza kumpa bajeti.

Nadharia ya pili kwa anayesimamia watu ni ya hatari, mahitaji na mwitikio, iliyopata umbo lake 1990 kwa kazi ya Andrews, Bonta na Hoge. Kwa kifupi: mwenye hatari kubwa mpe usimamizi mwingi, mwenye hatari ndogo usimbughudhi, gusa yale yanayomrudisha kwenye kosa, na ongea naye kwa njia anayoielewa. Sehemu ya kumwacha wa hatari ndogo ndiyo ngumu kwetu. Tunapenda kuwaita ofisini wale wanaokuja.

Swali la tasnifu

Hapa ndipo masta inapopatikana au inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kichwa ambacho kila mtu huja nacho ni “Sababu za vijana kujiunga na magenge Mombasa.” Kimeandikwa mara nyingi, hakina mwisho, na ukimaliza huna la kumwambia hakimu wala mkuu wa kituo. Chukua faili lililoko mezani kwako, ulikunje mpaka liwe swali linalojibika. Kwa mfano: vijana wa miaka 18 hadi 24 waliopatikana na kosa la wizi katika mahakama moja, wakapewa kifungo cha nje, wangapi walipatikana na kosa jipya ndani ya miezi 24? Na waliotumwa gerezani kwa kosa hilo hilo, je?

Swali hilo lina mahali, lina umri, lina kosa, lina muda. Sasa ona matatizo yake, maana msimamizi mzuri atakuonyesha na mbaya atakuachia uyakute siku ya kutetea tasnifu mbele ya jopo.

La kwanza: “kurudia kosa” maana yake nini? Kukamatwa tena? Kupatikana na hatia tena? Kurudi gerezani? Ukichagua kukamatwa, idadi yako itapanda, kwa sababu mtaani Kisauni kijana aliyewahi kuwa na kesi huokotwa kila polisi wanapofanya msako wa watu wa panga. Ukichagua kupatikana na hatia, utawakosa ambao mashahidi wao hawakufika. Hakuna jibu safi. Chagua moja, useme kwa nini, na usibadilishe katikati.

La pili ni majina. Rejesta ya probesheni ina jina, kosa, tarehe ya amri, muda, makazi na namna amri ilivyoisha. Rejesta ya korti ina namba ya kesi na jina. Unataka kujua kama mtu wa rejesta hii ni yule wa ile. Hapa pwani Mohamed mmoja ataandikwa Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohd, kutegemea karani. Babake leo ni Ali, kesho ni Aly. Na yeye mwenyewe akikamatwa Likoni hutaja jina la shule, akikamatwa Mtwapa hutaja la mtaani. Namba ya kitambulisho ingesaidia, lakini kijana aliyeshtakiwa akiwa na miaka 18 mara nyingi bado hajakichukua. Njia iliyonifaa ni kuandika kanuni kabla ya kufungua rejesta: nitakubali ni mtu mmoja iwapo majina mawili yanafanana kwa sauti, umri haujapishana zaidi ya miaka miwili, na makazi ni kata moja. Yasiyotimia yaende kwenye safu ya “haijulikani,” na idadi ya hao uitaje kwenye tasnifu. Halafu mpe mwenzako asiyejua unachotafuta alinganishe sehemu ya orodha kwa kanuni hiyo hiyo, muone mnapishana wapi. Ni kazi ya kuumiza macho, ya kukaa kwenye stoo ya mafaili yenye joto na vumbi, na ndiyo inayokutofautisha na mtu aliyegawa hojaji stendi.

La tatu ndilo lenye mtego. Tuseme umekuta waliopewa kifungo cha nje walirudia kosa kidogo kuliko waliofungwa. Usishangilie. Nani aliyempa hakimu ripoti iliyosema huyu anafaa kubaki nje? Mimi. Mwenye mama anayelia kortini, mwenye kazi ya jua kali, asiye na kesi ya nyuma, ndiye niliyempendekeza. Asiye na makazi alikwenda ndani. Kwa hiyo makundi yako mawili yalikuwa tofauti kabla ya adhabu kuanza, na huenda unachopima ni ustadi wangu wa kuchagua, wala si nguvu ya kifungo cha nje. Unaweza kupunguza tatizo kwa kulinganisha wanaofanana: kosa la kwanza na kosa la kwanza, wenye familia na wenye familia. Huwezi kulimaliza. Sema hivyo waziwazi katika sura ya mwisho, na punguza sauti ya mapendekezo yako. Wasahihishaji wa nje wanaitafuta aya hiyo.

Kuhusu takwimu za polisi, utazikuta kwenye ripoti za mwaka za polisi na katika taarifa ya hali ya uchumi ya shirika la takwimu, KNBS. Zisome ukijua kwamba ni za yaliyoripotiwa. Kesi ya ubakaji iliyomalizwa kwa maslaha baina ya wazee haikuingia OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, kwa hiyo haimo. Simu iliyoibwa huripotiwa pale mwenyewe anapohitaji karatasi ya kurudishia laini. Hukumu zenyewe ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law, bure, na kwa anayesoma adhabu ni hazina ambayo wanafunzi huipita wakikimbilia hojaji. Kituo cha Taifa cha Utafiti wa Uhalifu, kilichoundwa kwa sheria ya 1997, nacho kina ripoti za kukuonyesha yale yaliyokwisha kuulizwa.

Vibali na maadili

Anza vibali mapema kuliko unavyodhani inafaa. Mpangilio ni huu: kamati ya maadili, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ambayo hudumu mwaka mmoja, kisha wenye nyumba. Ukitaka kuingia gerezani, barua inakwenda makao makuu, Magereza House, Nairobi, hata kama gereza lenyewe liko dakika kumi kutoka kwako na mkuu wake mnasali msikiti mmoja. Ukienda kaunti yoyote, unajitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu. Beba nakala nyingi na uombe mhuri kwenye moja yako. Kuwa mwenyeji ofisini hakukuruhusu kutumia mafaili ya ofisi kwa shule yako. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, jambo hilo si la adabu tu. Toa majina, weka namba, na karatasi yenye kuunganisha majina na namba ikae mbali na kompyuta yenye data.

Kwa watafiti wa Tanzania, mnaanza COSTECH, tume yenu ya sayansi na teknolojia.

Usiwahoji wateja wako mwenyewe. Mimi ndiye ninayeweza kumrudisha mtu kortini akivunja masharti. Nikimuuliza kama bado anatafuna miraa na kuvuta bangi, atanijibu nini? Kwangu wote wameacha. Nilibadilishana na mwenzangu wa kaunti nyingine, wake nikawahoji mimi, tena bila sare wala gari la serikali. Hata hivyo mwanzo wa kila mahojiano nilisema mambo mawili polepole: kukataa hakutaathiri amri yako, na usinitajie, kwa jina na tarehe, kosa ambalo halijulikani, kwa sababu siwezi kukuahidi kulificha. Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili cha mtu, isomwe kwa sauti. Kuna mzee mmoja, mfungwa wa miaka mingi, aliisikiliza yote akaniuliza, “Binti yangu, nikisema ndiyo nitapata nini?” Nikamwambia hakuna. Akacheka, akasema basi ataongea, kwa sababu waliomwahidi kitu walikuwa wengi.

Walio chini ya miaka 18 ni habari nyingine: mzazi au mlezi, afisa wa watoto, na Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo pia ilipandisha umri wa kuweza kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kwa masta, kama huna sababu kubwa, baki na watu wazima.

Pesa, muda, msimamizi

Karo utaiona kwenye tovuti. Usiyoiona ni nauli, kunakili mahojiano kwenye maandishi, kuchapa, kufunga vitabu vyenye jalada gumu, na siku unazokwenda Nairobi kwa basi la usiku kusikia kwamba kamati imeahirishwa. Bajeti yako iongezee robo. Bodi ya mikopo, HELB, ina dirisha la uzamili. Ofisi yako huenda ina likizo ya masomo; omba kwa maandishi kabla ya kusajiliwa, kwa sababu ukisajiliwa kimya kimya hata ruhusa ya kwenda mtihani utaiomba kama hisani.

Msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Najua mwanafunzi ambaye sura zake tatu zilikaa kwa msimamizi tangu mvua za masika mpaka vuli, zikarudi na alama moja: nukta iliyosahaulika. Kabla ya kukubali kupangiwa mtu, zungumza na wawili anaowasimamia sasa. Uliza anarudisha kazi baada ya muda gani. Ukishampata, mtumie kurasa chache mara kwa mara, kila barua ikiwa na swali moja linalohitaji jibu. Barua isemayo “naomba maoni yako” hujibiwa baada ya wote wengine.

Programu usinunue. KoboToolbox itakukusanyia hojaji kwenye simu hata pasipo na mtandao, R itafanya hesabu, QGIS itachora ramani, na zote ni bure. Mwenye bosi anayependa Excel ajifunze Excel sawasawa. Majedwali egemezi (pivot tables) peke yake yamenipatia heshima ofisini kuliko nadharia zote za muhula wa kwanza. Chora ramani, lakini usiweke nukta juu ya nyumba ya mtu. Weka kwa kata.

Baada ya kutetea

Tasnifu ya kurasa 120 haisomwi na anayeajiri. Siku masahihisho yanapokubaliwa, toa kurasa mbili: swali, ulikotoa data, ulichokuta, usichoweza kudai, na jambo moja ambalo kituo kinaweza kubadilisha bila pesa mpya. Kila mahakama ina kamati ya watumiaji wa mahakama, ambamo hakimu, polisi, magereza, probesheni, mawakili na watu wa watoto hukaa meza moja. Omba dakika kumi kwenye ajenda. Nilipopeleka zangu, mjadala wote ulikuwa kuhusu ile safu ya “haijulikani,” na kabla ya kikao kuisha hakimu aliagiza karani aanze kuandika majina matatu na namba ya simu ya ndugu kwenye kila faili jipya.

Kurasa hizo mbili ndizo unazobeba kwenye mahojiano ya kazi. Nyuma yake chapa jedwali moja, lile bora kabisa, na uwe tayari kulieleza kwa mtu asiyejua takwimu. Kwenye wasifu usiandike tu “Masta, Kriminolojia”. Andika chini yake, kwa mstari mmoja, ulichopima na ulikipima wapi. Wakikuuliza mshahara unaotarajia, hilo muulizeni mtu mwingine, mimi bado ninasubiri barua yangu.